Mguu hurudi kwa kutembea: mwongozo kamili wa mazoezi ya nyumbani baada ya kiharusi

Nikiingia nyumba ya mtu aliyepata kiharusi, huangalia kwanza ndara zake. Mzee mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, aliniambia anatembea vizuri, hana shida yoyote. Ndara yake ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa imelika pale mbele, chini ya kidole gumba, hadi ukingo wake umekuwa mwembamba kama karatasi. Mguu ulikuwa ukiburura sakafuni kila hatua, na yeye alishauzoea mlio wake asiusikie tena. Miezi minne ilikuwa imepita. Muda huo wote mkewe alikuwa akimlipa mtu aje kumkanda kwa mafuta kila jioni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia mzee atembee kwa bidii.

Kukandwa kunatuliza, na sina ugomvi nako. Lakini pesa na saa za familia zina mwisho, na ningependa ziende mahali zinapoleta mwendo. Kutembea hurudi kwa kutembea: mara nyingi, kwa bidii inayomfanya mtu aheme kidogo, wiki baada ya wiki.

Kiharusi hakiugusi mguu wenyewe. Misuli ipo, mifupa ipo. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoutuma mguu kazi. Seli zilizokufa hazifufuki, ila sehemu zilizo jirani na jeraha zinaweza kujifunza kazi ile, na zinajifunza kwa kurudia. Tena hujifunza kile hasa unachokirudia. Ukishinda kitandani ukiinua mguu, utakuwa hodari wa kuinua mguu kitandani. Nafuu huja kwa kasi zaidi miezi mitatu ya kwanza, kisha hupunguza mwendo, lakini nimewaona watu wakiongeza hatua mwaka wa pili na wa tatu.

Wengi huniuliza habari za mashine za kutembelea, zile zenye mkanda unaozunguka na kamba za kumning'iniza mgonjwa. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuata watu 408 waliopata kiharusi. Baadhi walizoezwa kwa mashine hiyo mapema, wengine kwa mashine hiyo hiyo lakini baada ya miezi sita, na wengine walitembelewa nyumbani na kupewa mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba, yaliyoongezwa ugumu polepole. Mwaka mmoja baada ya kiharusi, makundi yote matatu yalikuwa sawa: karibu nusu ya watu walikuwa na uwezo bora zaidi wa kutembea. Kwa familia ya Kayole au Kawangware hiyo ni habari njema mara mbili. Chumba chenu kinatosha, na aliyechelewa kuanza hajapotea.

Kabla ya hatua ya kwanza

Mgonjwa akiwa bado wodini, msimkimbize. Utafiti mkubwa wa 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi tano, ulionyesha kwamba kuwaamsha na kuwazoeza sana ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza nafasi yao ya kupona vizuri. Baada ya hapo, vipindi vifupi vya mara kwa mara ndivyo vinavyofaa. Waachieni wauguzi na mtaalamu wa tibaviungo wa wodi wawaongoze.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, usitoke bila kumwuliza daktari mambo matatu: kama moyo uko sawa kwa mazoezi, presha isizidi ngapi, na ni dawa gani kati ya alizoandikiwa inayopunguza mapigo ya moyo. Andika majibu kwenye karatasi, maana korido ya hospitali husahaulisha.

Nyumbani, pima presha kabla ya mazoezi mgonjwa akiwa ameketi ametulia dakika tano. Ikisoma 180 kwa juu au 110 kwa chini, au zaidi, mimi huahirisha kipindi na familia humpigia daktari, isipokuwa kama daktari ametoa kiwango chake. Mwenye sukari ale kwanza, na miguu yake ikaguliwe kila jioni, hata katikati ya vidole. Na dawa ya presha hainywewi siku ya kuumwa kichwa tu. Kiharusi cha pili kinaweza kubomoa kwa dakika moja kazi ya mwaka mzima.

Simamisha mazoezi papo hapo ukiona maumivu ya kifua, pumzi kukatika, au kizunguzungu kisichoisha akikaa. Mdomo ukienda upande, maneno yakivurugika, au mkono ama mguu ukilegea ghafla kuliko jana, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na lenye kuuma, usilikande hata kidogo. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na kukanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu. Hilo pia ni la hospitali.

Pima unakoanzia

Tafuta mahali tambarare penye urefu wa kutosha: korido ya ploti, uwanja wa kanisa, lango la msikiti baada ya watu kutawanyika. Pima mita 10 kwa futi ya fundi, chora mistari miwili kwa chaki. Mgonjwa aanze hatua kadhaa kabla ya mstari wa kwanza na asisimame hadi aupite wa pili, ili upate mwendo wake wa kweli. Mtu mmoja amlinde, mwingine ashike saa ya simu.

Zikizidi sekunde 25, kwa kawaida huyo ni mtu wa kutembea ndani ya nyumba tu. Kati ya 25 na 12 na nusu, anafika kwa jirani au dukani, kwa taabu. Chini ya 12 na nusu anaanza kuumiliki mtaa. Kuvuka barabara kwa mwendo wa watu wengine kunataka mita 10 hizo kwa sekunde 8 au 9 hivi. Yule mzee wa Umoja alianza na sekunde 31.

Kipimo cha pili ni cha kiti: anaweza kuinuka na kuketi mara ngapi kwa sekunde 30? Andika namba zote mbili na tarehe ukutani, karibu na kalenda. Rudia kila baada ya wiki mbili, saa ile ile ya siku.

Kama bado hawezi kusimama

Hapa nitapita haraka, kwa sababu lengo ni kuondoka kitandani mapema iwezekanavyo. Akiwa amelala chali, akunje magoti yote mawili, nyayo zikanyage godoro, ainue makalio, ahesabu tano, ashushe. Msaidizi ashikilie goti dhaifu lisianguke nje. Kisha ajifunze kujigeuza upande na kuketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikigusa sakafu. Akiwa ameketi, anyooshe mkono mzima, yaani ule usiodhoofika, kuchukua kikombe mbele, kulia, kushoto, hasa upande ule dhaifu, ili mwili ukubali tena kuuegemea.

Jambo moja tafadhali, nawaomba watoto na wajukuu: msimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea wala kumshika kwapani. Bega lililopoteza misuli yake hutoka mahali pake kwa urahisi, na maumivu yake hukaa miezi. Mfunge leso imara kiunoni, au mvishe mkanda mpana, mshike hapo.

Kuinuka kitini: zoezi mama

Kama ningeruhusiwa kubakiza zoezi moja tu katika nyumba, mbali na kutembea kwenyewe, ningebakiza hili. Ndilo linalojenga paja na kalio, ndilo linalomfundisha mtu kuuamini mguu, na ndilo litakalomtoa chooni bila kumwita mtu.

Chukua kiti kigumu kisichoteleza, kiegemee ukuta. Mwanzoni kipandishe kwa blanketi lililokunjwa au mto mgumu. Kadiri kiti kilivyo juu ndivyo kazi inavyokuwa nyepesi. Mgonjwa asogee hadi ukingoni. Nyayo ziwe nyuma kidogo ya magoti, na unyayo dhaifu uwe nyuma kidogo ya ule mzima. Hiyo ndiyo siri. Watu wengi hutanguliza mguu mgonjwa mbele, basi mguu mzima ndio unaofanya kazi yote na ule mwingine unasindikiza tu. Mikono aishikamanishe mbele. Ainame hadi pua ipite vidole vya miguu, kisha asukume sakafu na kusimama wima kabisa, makalio yakazwe. Kuketi kuwe polepole kuliko kuinuka. Ahesabu tatu akishuka. Asijitupe.

Mara ngapi? Nyingi. Anza na tano, pumzika, tano tena, hadi ufike 30 au 50 kwa siku kwa vipindi vidogo vidogo. Mama mmoja wa Donholm nilimwona akitumia maharagwe. Sufuria mbili mezani, moja ina maharagwe 40, nyingine tupu. Kila akisimama anahamisha punje moja kwa mkono wake dhaifu, akiibana kwa vidole viwili, mara nyingine ikimponyoka na kudunda sakafuni, naye anacheka na kuchukua nyingine. Sufuria ya kwanza ikiisha, siku imekwisha. Mguu na mkono vyote vimefanya kazi, na hakuna wa kubishana naye kuhusu hesabu.

Mara 10 zikiwa rahisi, ondoa blanketi. Zikiwa rahisi tena, weka unyayo mzima juu ya kitabu kinene ili mguu dhaifu ubebe zaidi. Zoezi lisilochosha halijengi.

Kusimama na kukanyaga

Asimame mbele ya meza nzito au sinki, kiti kikiwa nyuma yake. Aegemee mguu dhaifu, arudi, aegemee tena. Halafu mguu mzima uguse kijiti au kitabu kilicho mbele na kurudi, taratibu, ili kwa muda huo mfupi ule dhaifu usimame peke yake. Goti likirudi nyuma kwa kishindo kila akisimama, mfundishe kulilegeza kidogo. Dakika 10 zinatosha. Ninasema hivyo kwa makusudi: mwongozo uliotolewa 2020 na wataalamu wa tibaviungo wa Marekani, kwa watu waliopita miezi sita na wanaoweza kutembea, haukupendekeza mazoezi ya kusimama tu kama njia ya kuongeza kasi na umbali. Uliweka mbele kutembea kwa bidii. Nami naona hivyo kila wiki.

Kutembea kwenyewe

Avae viatu vya kufunga vyenye kisigino kilichofunikwa. Ndara ni za kuogea. Msaidizi asimame upande dhaifu, nusu hatua nyuma, mkono mmoja kwenye leso ya kiunoni. Usitangulie mbele ukimvuta mikono kama mtoto anayejifunza. Hapo ataangalia miguu yako na kukuegemea wewe.

Kwa asiyezoea, anza na dakika moja ya kutembea na moja ya kuketi, mara tano. Kila siku mbili tatu ongeza kidogo, hadi jumla ya kutembea ifike dakika 20 au 30, siku tatu hadi tano kwa wiki. Kisha ongeza kasi. Hapo ndipo familia nyingi huogopa, kwa huruma. Wanampa mgonjwa mwendo wa maandamano ya mazishi, na miezi sita baadaye mwendo ni ule ule. Ubongo hupokea fundisho vizuri zaidi moyo ukiwa umechangamka.

Utajuaje bidii imetosha? Mwulize swali. Akikujibu sentensi fupi kisha akavuta pumzi, ni sawa. Akiweza kuimba ubeti mzima, anatembea polepole mno. Asipoweza kutamka maneno mawili, punguza. Kama unapenda hesabu: toa umri wake kwenye 220, kisha toa mapigo yake ya moyo akiwa amepumzika. Kwa mtu wa miaka 60 mwenye mapigo 75 inabaki 85. Chukua asilimia 60 hadi 80 ya hiyo, yaani 51 hadi 68, urudishie 75. Mapigo yake akiwa katika bidii yawe kati ya 126 na 143. Usianzie huko, panda polepole kwa wiki kadhaa, na daktari awe ameruhusu. Anayetumia dawa kama atenolol au carvedilol asifuate hesabu hii kabisa, kwa sababu dawa huyazuia mapigo yasipande. Yeye atumie pumzi na maneno.

Akishazoea njia nyoofu, mharibie unyoofu. Atembee upande upande akishika ukuta, arudi kinyumenyume akiwa ameshikiliwa, aruke kwa hatua fimbo ya ufagio iliyolazwa chini, abebe kikombe cha maji nusu, ajibu bei ya nyanya bila kusimama. Na usimkosoe kila hatua. Akiyumba akajirekebisha mwenyewe, hilo ndilo somo; wewe kazi yako ni asianguke.

Mguu unaoburura

Ncha ya mguu ikining'inia, mtu hujikwaa, au huzungusha mguu nje kama anafyeka nyasi. Mazoezi husaidia, lakini usisubiri mwaka mzima ukijikwaa. Kipo kifaa chepesi cha plastiki kinachoshika kifundo cha mguu na kuingia ndani ya kiatu, mafundi hukiita AFO. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kilicho Waiyaki Way, hutengeneza vifaa vya aina hii, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara ya mifupa na viungo bandia. Pimiwa mguu wako mwenyewe, usiazime cha marehemu jirani; kisichokaa vizuri huchubua ngozi, na mwenye sukari huenda asisikie kidonda. Wengine huogopa kwamba kifaa kitaufanya mguu kuwa mvivu. Nionavyo mimi, kinachouletea mguu uvivu ni kukaa.

Mkongojo nao hushikwa kwa mkono mzima, yaani upande wa pili wa mguu dhaifu. Karibu kila mtu hukosea hapa. Asimame wima akiwa amevaa viatu, mikono ikining'inia: kichwa cha mkongojo kifike kwenye kifundo cha mkono. Mwendo ni mkongojo, mguu dhaifu, mguu mzima. Mpira wa chini ukilika, nunua mwingine. Mkongojo bila mpira kwenye vigae vilivyolowa ni hatari kuliko kutokuwa nao.

Ngazi

Nairobi hii wengi wetu tunaishi ghorofani bila lifti. Nimewakuta watu Pipeline na Zimmerman ambao hawajashuka chini tangu siku walipoletwa kutoka hospitali, wamebebwa kwa kiti na vijana wanne. Kwa hiyo ngazi si zoezi la ziada, ndiyo njia ya kutoka.

Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, mguu dhaifu hutangulia. Mguu mzima ndio wenye nguvu ya kuuinua mwili na kuushusha. Miguu yote miwili ikutane kwenye kila kidaraja kabla ya kuendelea, mkono mzima ushike reli. Reli ikiwa upande mmoja tu na ni upande usiofaa akishuka, anaweza kushuka kinyumenyume akiishika kwa mkono ule ule. Msaidizi awe chini yake daima: nyuma akipanda, mbele akishuka. Wiki ya kwanza vidaraja vitatu, vinne. Kisha kituo cha kwanza, na kiti kimsubiri pale.

Akianguka

Wengi huanguka angalau mara moja, basi fundisheni kuinuka kabla ya siku hiyo. Kwanza msimnyanyue. Mwulize kama kuna maumivu ya nyonga, kichwa au kiganja. Mguu ukionekana mfupi au umegeukia nje, mwacheni alale na mtafute gari la wagonjwa. Kama yuko salama, ajigeuze upande mzima, ajisukume kwa kiwiko, apige magoti, aweke mikono kwenye kiti kilicholetwa mbele, apandishe mguu mzima ukanyage, asukume, ageuke, aketi. Fanyeni mazoezi hayo juu ya mkeka siku tulivu.

Ondoeni mikeka midogo inayojikunja, nyaya za simu njiani, na ndoo ya maji mlangoni. Wekeni taa ya usiku ya kwenda chooni.

Uchovu, huzuni na gharama

Uchovu wa kiharusi si uvivu. Mazoezi yawekwe asubuhi, na apumzike kabla hajaishiwa kabisa. Huzuni nayo ni ugonjwa halali baada ya kiharusi: asiyetaka kula, asiyelala, anayelia bila sababu, mwambieni daktari, kwa sababu inatibika na isipotibiwa hakuna zoezi litakalofanyika.

Mtaalamu anayekuja nyumbani mwombe leseni ya baraza la tibaviungo la Kenya, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Kabla ya kuanza vipindi hospitalini, uliza dirishani kama vinalipiwa na SHA, bima ya afya ya serikali, na ni vingapi. Kama pesa ni za vipindi vichache tu, msivimalize wiki mbili za kwanza. Mwiteni mara moja kwa wiki au mbili apange, apime na kuongeza ugumu, siku nyingine familia ifanye kazi.

Kutoka nje

Wiki ya nane mzee wa Umoja alitembea mita 10 kwa sekunde 19, na mwenyewe akasema anataka kwenda sokoni. Tulianza na lango la ploti, kisha duka la pili, kisha kona. Nje kuna mitaro isiyo na vifuniko, kokoto, na bodaboda zinazopanda njia ya watu, kwa hiyo msaidizi akae upande wa barabara hata kama si upande dhaifu, ila mkono ubaki kwenye leso. Barabara kubwa pitieni daraja la waenda kwa miguu, hata likiwa mbali. Siku mkipata nafasi, njia pana za bustani ya Arboretum au msitu wa Karura zinafaa kwa mwendo mrefu bila honi.

Matatu ije mwisho, akishapanda vidaraja vitano bila kusaidiwa. Mwambieni kondakta kabla mguu haujainuka: "Mzee ana mguu mgonjwa, dereva asiondoke hadi akae." Apande kwa mguu mzima akishika chuma cha mlango, akae kiti cha mbele, na ashuke kwa mguu dhaifu msaidizi akiwa ameshatangulia chini. Safari ya kwanza iwe ya steji moja tu, kwenda na kurudi, saa nne asubuhi wakati watu wameshafika kazini na viti viko wazi.